Hesabu Kumi na Saba za Shwarini

Wapo watakaoniuliza nilifikaje Shwarini na nilipita njia gani. Sitawajibu, maana safari yenyewe haikuwa na lolote la kusimulia. Niseme tu kwamba nilikaa huko siku arobaini, nikiwa na barua ya ruhusa yenye mihuri mitatu, na kwamba mimi ni mwalimu wa fizikia niliyestaafu baada ya miaka ishirini na minane ya kufundisha vijana ambao wengi wao hawakulipenda somo langu. Ninayoyaeleza niliyaona mwenyewe.

Shwarini ni mji mmoja na vijiji vyake, uliojengwa kwa mawe kando ya ziwa lenye maji meupe kama yaliyooshewa mchele. Watu wake ni wapole, hawapazi sauti, na wanaamini kwamba kila jema walilonalo wamejifunza kwa lile ziwa. Siku yangu ya kwanza mwenyeji wangu, karani wa Baraza aitwaye Bwana Machano, alinipeleka ufukweni akatupa kibuyu majini. Wimbi likaja, kibuyu kikapanda. Likapita, kikashuka. Kibuyu kikabaki palepale.

"Umeona, Mwalimu?" akaniuliza. "Wimbi limekwenda zake, maji hayakwenda popote. Raia wa Shwarini anatakiwa awe hivyo. Mambo yapite, yeye abaki."

Nilimwambia kwamba kwa upande wa fizikia hakukosea, kwani wimbi hubeba nishati bila kuyabeba maji. Akafurahi, akayaandika maneno yangu kwenye daftari. Sikumwambia lililobaki, kwamba ile nishati hufika mahali ikafanya kazi yake, iwe ni kusogeza mchanga au kubomoa ukuta. Nilidhani analijua.

Kutokana na kibuyu hicho, wahenga wao walitunga Sheria ya Mawimbi, ambayo ndiyo mama wa sheria zote za nchi ile. Kifungu chake cha kwanza kinasema hivi: wimbi ni mwendo wa kupanda na kushuka, unaoonekana kwa macho ya mtu mzima mwenye akili timamu. Kisichopanda na kushuka si wimbi, na kisicho wimbi hakiwezi kutoka mahali kikafika pengine. Nuru ya jua imeruhusiwa kwa kifungu maalumu. Hakuna aliyewahi kuiona ikipanda na kushuka, lakini wataalamu wa zamani waliapa kwamba hufanya hivyo, tena hupita hata pasipo na hewa wala maji, na Baraza likaona si adabu kulitilia jua shaka. Sauti haikuruhusiwa. Sauti haipandi wala haishuki: husukuma hewa mbele, hewa hurudi nyuma, msukumo ukaendelea. Kwa hiyo katika mahakama za Shwarini ushahidi wa sikio haupokelewi. Nilimwona mama mmoja akieleza jinsi alivyomsikia jirani yake akiomba msaada mpaka akanyamaza. Karani aliandika: Shahidi hakuona kitu.

Siku ya nne Bwana Machano alinipeleka kwenye kesi aliyosema itanifurahisha kama mtu wa elimu. Watu ishirini walikuwa wamepanga foleni kwenye ofisi ya vibali, wamebanana kifua kwa mgongo. Mtu wa mwisho akasukuma. Aliyekuwa mbele kabisa, mzee Ngwali, akagonga kaunta kwa mdomo akavunjika meno mawili. Alikuwa amekuja kudai haki yake, na meno yake ameyafunga kwenye leso.

Mwamuzi Mkuu alikuwa Bwana Mkumbukwa, mtu wa miaka thelathini na minne, mrefu, mwenye sauti ya taratibu. Alimuuliza kila mtu wa foleni ile maswali mawili.

"Uliondoka mahali pako?"

"Hapana, Mheshimiwa."

"Ulipanda au ulishuka?"

"Hapana, Mheshimiwa."

Ilichukua asubuhi nzima. Mwisho akasema kwamba kwa kuwa hakuna aliyeondoka mahali pake, na hakuna aliyepanda wala kushuka, hakuna kitu kilichopita katika foleni ile, na mzee Ngwali ameanguka kwa hiari yake.

Hapo mwanamke mmoja alisimama nyuma. Alikuwa na umri kama wa miaka arobaini na saba, amejifunga kanga kichwani, na sikio lake la kulia alikuwa amelielekeza mbele kama mtu asiyesikia vizuri.

"Mheshimiwa," alisema, "mabehewa yakipangwa, injini ikaligonga la nyuma, la mbele litaruka. Ya katikati yatatikisika tu na kurudi yalipokuwa. Mgongano umepita. Haukupanda, haukushuka, lakini umepita. Kuna mawimbi ya kutikisika kwa mkingamo, kukata njia yake, kama ya ziwa, na kuna mawimbi ya kusukumana. Meno ya huyu mzee yamevunjwa na la kusukumana."

"Bi Siwema," Mwamuzi alimjibu, na nikaona kwamba hakumtazama usoni, "Sheria inajua wimbi moja. Keti, tafadhali."

Tulipotoka nilimuuliza Bwana Machano yule mama ni nani.

"Dada yake," akasema. "Ndiye aliyemlea. Mwingine angekuwa ameshafungwa."

Nilikwenda kumtembelea kesho yake. Nyumba yake ilikuwa kwenye mwinuko, na chini yake tu, hatua kama hamsini za mteremko, palikuwa na shule ya watoto yenye madarasa mawili ya mawe na ua katikati. Uani kwake kulikuwa na kipande cha reli kimening'inizwa kwa mnyororo, na kando yake nondo nene ya chuma imetoka ardhini kufikia kifuani. Aliniambia nondo ile imepigiliwa mpaka imegusa mwamba.

"Masikio yangu yamechoka," alisema, "lakini meno hayajachoka. Uma hapa."

Nikauma ile nondo, mimi mtu mzima, na chuma kikaniletea mambo ambayo hewa haikuniletea: mtwangio wa jirani, punda akipita barabarani, watoto wa shule wakigonga miguu chini wakiimba. Vyote vilisikika ndani ya fuvu. Nilikuwa nimefundisha miaka yote kwamba sauti hupita upesi zaidi katika chuma na mwamba kuliko katika hewa, na sikuwahi hata siku moja kuuma chuma.

Ndipo akanieleza kisa chake. Ng'ambo ya ziwa, mwendo wa siku nne kwa miguu, uko Mlima Fukute, na chini yake ardhi hukatika mara kwa mara. Ikikatika, hutoka mawimbi mawili kwa pamoja. La kwanza ni la kusukumana, linakwenda mbio, nalo hufika kama mtu aliyebisha hodi mara moja kwenye sakafu. La pili ni la kutikisa upande kwa upande, linakwenda polepole zaidi, na hilo ndilo linaloangusha nyumba. Yakitoka Fukute, kati ya la kwanza na la pili mtu anaweza kuhesabu taratibu mpaka kumi na saba.

"Nilikuwa na miaka kumi na sita," alisema. "Nilisikia hodi ile nikiwa uani. Nikaingia nikambeba Mkumbukwa, alikuwa wa miaka mitatu. Nikatoka naye. Nilipogeuka niwafuate baba na mama, nyumba ilikuwa imekaa chini. Nimeihesabu baadaye kichwani mara nyingi, Mwalimu. Ni kumi na saba. Haipungui."

Kwa miaka mitano alikuwa akigonga ile reli kila aliposikia hodi. Alikuwa ameigonga mara tatu. Mara ya kwanza zilipasuka kuta mbili. Mara ya pili vikombe tu vilitikisika, na mzee mmoja aliyekuwa akikimbia alivunjika nyonga. Mara ya tatu hakuna aliyehisi kitu, maana tetemeko lilitokea mbali sana. Watu wakakasirika, na sikuwalaumu sana. Baraza likaamua kwamba kuanzia siku hiyo hakuna kengele itakayolia mpaka Mtazamaji wa Baraza aone, kwa macho yake, maji ya beseni lililowekwa mbele ya ukumbi yakipanda na kushuka. Mwalimu atakayewatoa wanafunzi kabla ya kengele hiyo atashtakiwa kwa kueneza hofu.

"Maji ya beseni yakipanda na kushuka," nilisema, "wimbi la pili limeshafika."

"Ndiyo," akajibu. "Ndiyo maana nimeomba nisikilizwe Alhamisi. Siombi mji mzima. Naomba shule tu. Wewe ni mtu wa elimu na mgeni, hawatasema umetumwa na mimi. Utasema?"

Nilimwambia nitasema.

Baraza lilikaa Alhamisi. Wajumbe walikuwa kumi na wawili, na Mwamuzi Mkuu alikaa pembeni kama mshauri wa Sheria. Bi Siwema alieleza ombi lake kwa maneno machache. Kisha mjumbe mmoja aliyeitwa Bwana Pandu, mtu aliyesoma vitabu viwili na kuvikumbuka nusu nusu, akasimama.

"Tukubali kwa hoja tu kwamba hilo wimbi la kutikisa linatoka Fukute," alisema. "Wataalamu wanasema nini? Wanasema wimbi la kutikisa upande kwa upande halipiti katika maji, kwa kuwa maji hayashikani. Mwalimu, ni kweli au si kweli?"

"Ni kweli," nikasema.

"Na kati yetu na Fukute kuna nini?"

"Kuna ziwa."

Wajumbe wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Nilisema kwamba ziwa lina sakafu, na mwamba unapita chini yake kutoka kule mpaka huku, lakini Bwana Pandu alikuwa ameshakaa na karani ameshaandika. Kisha Mwamuzi Mkuu mwenyewe akaniuliza. Uso wake ulikuwa wa mtu anayetaka jambo liishe.

"Mwalimu, hilo wimbi la kwanza, la kusukumana. Umeliona kwa macho?"

"Halionekani kwa macho, Mheshimiwa. Hupimwa kwa vyombo."

"Vyombo unavyo?"

"Sinavyo hapa."

"Basi tuseme inawezekana lipo?"

Ruhusa yangu ya kukaa ilikuwa inaisha wiki ile, na aliyepaswa kuitia muhuri wa kuiongeza alikuwa amekaa mbele yangu, mkono wake juu ya kidawati. Nilijua jibu. Nimelifundisha kwa chaki na kwa springi ndefu juu ya meza miaka ishirini na minane. Nilimwona Bi Siwema amenigeuzia sikio lake zima.

"Inawezekana," nikasema.

Karani aliandika: Mgeni hakuliona. Ombi likakataliwa. Na kwa kuwa kulikuwa na hofu kwamba Bi Siwema angeweza kusahau uamuzi huo, ilikubaliwa kwamba ile reli iondolewe uani kwake na kuning'inizwa mbele ya ukumbi, karibu na beseni. Watu wanne waliibeba jioni ileile. Ruhusa yangu iliongezwa.

Nilikwenda kumwomba radhi. Hakuwa mtu wa kununa. Alinikaribisha uji, akasema, "Umesema uliloweza." Ingekuwa nafuu kama angenitukana.

Jumatatu, saa nne asubuhi, nilikuwa nimeketi uani kwake nikimenya machungwa. Yeye alikuwa ameinama kwenye nondo kama kawaida yake, kila saa mara moja. Nikaona mabega yake yamekakamaa. Mimi mwenyewe nilihisi kitu kidogo chini ya kigoda, kama gunia limedondoshwa nyumba ya pili.

Aligeuka kutazama pale ilipokuwa reli. Mnyororo ulikuwa unaning'inia mtupu. Hapo hakupoteza muda. Alianza kuteremka mbio kuelekea shule, akipiga kelele, "Tokeni! Tokeni nje!" Kanga ikamvuka kichwani akaiacha. Nami nikamfuata, na nitakiri kwamba nilikuwa nahesabu. Ni mazoea ya ualimu.

Tano, alikuwa nusu ya mteremko. Katika darasa la kulia mwanamke kijana, Mwalimu Havijawa, alitokeza kichwa dirishani, akamtazama, akarudi ndani. Saba, milango yote miwili ya darasa lake ikafunguka, na watoto wakaanza kumwagika uani wakisukumana. Darasa la kushoto lilikuwa la Mwalimu Kombo. Yeye alisimama mlangoni, mikono ameitandaza huku na huku kwenye fremu, na watoto wake wamejazana nyuma yake.

"Bado kengele," alikuwa akisema, si kwa ukali. "Bi Siwema, bado kengele. Utaniponza."

"Kombo, mwanangu, waachie," alimwambia. Alikuwa amemfikia, amemshika mkono, anamvuta. Alikuwa na nguvu, lakini yule kijana alikuwa na nguvu zaidi, tena alikuwa na hofu. Watoto wawili walipenya chini ya kwapa lake. Nikahesabu kumi na sita.

Ardhi ilikwenda kulia, ikarudi kushoto. Nilianguka. Bi Siwema alirushwa nje pamoja na kipande cha shati la Kombo. Darasa la kushoto liliketi chini, kwa namna ileile aliyoniambia kuhusu nyumba ya wazazi wake, kisha likafuatiwa na la kulia ambalo halikuwa na mtu. Vumbi likatufunika. Na ndani ya lile vumbi, kutoka mjini, nikaisikia reli inalia. Mtazamaji alikuwa ameyaona maji yakipanda na kushuka, naye aliigonga kwa bidii, kama alivyoagizwa, na aliendelea kuigonga kwa muda mrefu.

Tulifukua kwa mikono mpaka jua lilipozama. Walitoka hai wanane. Watoto kumi na tisa walikufa, na Mwalimu Kombo alikutwa bado yuko mlangoni.

Mjini kwenyewe waliokufa walikuwa wachache, kwa sababu siku ya Jumatatu watu wengi huwa sokoni, mahali pa wazi. Ukumbi wa Baraza ulipata nyufa tu. Siku ya tisa baada ya tetemeko Baraza likatoa taarifa ya uchunguzi. Nimeisoma yote. Inasema kengele ililia kwa wakati, kwa mujibu wa kifungu, na kwamba Mtazamaji anastahili pongezi. Inasema marehemu Mwalimu Kombo alitii sheria mpaka mwisho. Ukurasa wa mwisho unasema kwamba Mwalimu Havijawa amewatoa wanafunzi thelathini na mmoja darasani kabla ya kengele, na atafikishwa mbele ya Mwamuzi Mkuu.

Kesi ilisikilizwa nje, kwenye ua wa ukumbi, kwa kuogopa nyufa. Watoto thelathini na mmoja waliletwa wakapangwa mstari, kwa kuwa wao ndio waliokuwa ushahidi wa kosa. Kama wasingekuwa hai, kosa lisingethibitika. Bwana Pandu ndiye aliyeshtaki.

"Ulipowatoa," alimuuliza Havijawa, "maji ya beseni yalikuwa yamepanda?"

"Sijui. Beseni liko kwenye ukumbi. Mimi nilikuwa darasani."

"Basi uliona nini?"

"Nilimwona Bi Siwema anakimbia," Havijawa alisema. "Kichwa wazi. Nimezaliwa mtaa ule, sijapata kumwona kichwa wazi. Nikawaambia watoto, tokeni."

"Hilo ndilo wimbi lako? Mwanamke kichwa wazi?"

"Sikufikiria wimbi," alisema. "Niliwafikiria wao."

Mkumbukwa aliahirisha mpaka kesho. Alasiri ile alikuja nyumbani kwa dada yake, peke yake, bila joho. Mimi nilikuwa nimelala hapo tangu siku ya tetemeko, maana nilikokuwa nimepanga kumeanguka. Nilitaka kuwaachia nafasi. Bi Siwema akaniambia nikae.

Mkumbukwa alikaa kwenye jiwe. Uso wake ulikuwa umelegea.

"Dada," alisema, "nikisema kesho kwamba lile wimbi la kwanza lipo, maana yake ni kwamba na siku ile ya baba na mama lilikuwapo."

"Lilikuwapo."

"Na zilikuwapo hesabu kumi na saba."

"Zilikuwapo, mdogo wangu."

"Basi ulikuwa na nafasi ya kuchagua." "Miaka thelathini na moja nasema hapakuwa na nafasi. Nimeisoma Sheria mpaka nikawa Mwamuzi ili niseme hapakuwa na nafasi. Kwa nini ulinibeba mimi? Kwa nini hukumwamsha mama?"

Bi Siwema alimtazama kama mtu aliyekuwa akingoja swali jingine, kubwa zaidi.

"Ulikuwa karibu na mlango," akasema. "Ulikuwa umelala kwenye mkeka, karibu na mlango. Ni hilo tu. Ungekuwa mama ndiye aliyelala hapo, ningemvuta mama."

Hakulia. Aliinamisha kichwa mpaka kikakaribia magoti, na dada yake akamwekea mkono mgongoni, akauacha hapo. Mimi niliinuka nikaenda kuchota maji ambayo hayakuhitajika.

Kesho yake hukumu yake haikuzidi mistari mitatu. Alisema Mahakama imeona kwamba kuna wimbi la kusukumana, kwamba hufika kabla ya la kutikisa, na kwamba Mwalimu Havijawa hana kosa. Watu hawakushangilia, wala hakuna aliyezomea. Adhuhuri Baraza likaifuta hukumu hiyo, likamwondoa kazini, likamweka Bwana Pandu mahali pake. Havijawa alipigwa marufuku kufundisha maisha yake yote. Sheria nayo ikafanyiwa marekebisho. Zamani ilikuwa imelisahau tu wimbi la kusukumana. Sasa imeandikwa wazi kwamba halipo.

Mimi nilikwenda ofisini kwa Bwana Machano kuomba ushahidi wangu ubadilishwe. Nilikuwa nimeuandika upya, kurasa nne, pamoja na michoro. Aliusoma kwa adabu.

"Ni mzuri, Mwalimu," alisema. "Lakini ombi lililohusika lilishakataliwa. Hatuna faili la kuuweka."

Nilibaki Shwarini siku sita zaidi, na katika siku hizo nilifuatana na Mkumbukwa. Alikuwa ameamua kuzipitia nyumba zote kumi na tisa za wafiwa. Nilimuuliza anakwenda kusema nini. Akasema anakwenda kuwaambia kwamba kulikuwa na muda. Nilimshauri asifanye hivyo. Nilimwambia wafiwa wameshaambiwa kwamba lilikuwa jambo la ghafla, na neno hilo linawasaidia kulala.

"Mimi lilinisaidia kulala miaka thelathini na moja," akajibu, akaendelea kutembea.

Wengine walimkaribisha wakamsikiliza wakiwa wameinama. Baba mmoja alimfungia mlango. Mwingine alimtemea mate, naye akayapangusa kwa kiganja akaaga. Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Mama Hidaya, mfinyanzi, ambaye Hidaya alikuwa mtoto wake wa pekee. Tulimkuta ndani, amekaa kwenye kigoda katikati ya vyungu vibichi, mikono ina udongo uliokauka. Mkumbukwa alisimama karibu na mlango akamweleza, kama alivyowaeleza wengine: wimbi la kwanza, kisha hesabu kumi na saba, kisha la pili. Alimwambia kwamba sheria iliyomzuia Hidaya kutoka ilisimamiwa na yeye.

Mama yule alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kumi na saba," akasema. "Mimi sijui ni kiasi gani. Zinatosha kufanya nini?"

Mkumbukwa aligeuka. Akanitazama mimi, nami nikatazama chini.

"Zihesabu," mama akamwambia. "Kama alivyohesabu dada yako."

Akaanza. Moja. Mbili. Alihesabu taratibu na kwa haki, hakuharakisha. Ilipofika tatu Mama Hidaya aliinuka kwenye kigoda. Hakukimbia. Alitembea kama anavyotembea mtoto aliyeambiwa atoke darasani, akapita katikati ya vyungu vyake bila kugusa hata kimoja, akatupita sisi, akavuka kizingiti. Mkumbukwa aliposema tisa, yule mama alikuwa ameshafika uani, amesimama juani, mikono imelegea kando yake.

Mkumbukwa akaacha kuhesabu.

"Malizia," akamwambia bila kugeuka.

Akamalizia.